Meno ya Bibi na Kibanja cha Ukoo

Mtu asiye na meno hafi njaa Maruku. Ebitoke huiva vikalainika, maharage hupondeka kwa ulimi, na samaki wa ziwani hana ubishi. Kata yenye kituo cha utafiti kinachojulikana kwa migomba haiwezi kumnyima mzee chakula laini. Kwa hiyo familia inapokaa kuamua kama ilipe mamilioni ili mama au bibi apate meno, hoja ya kwanza kutolewa huwa ni hiyo: kwani anakufa njaa?

Hoja hiyo ilitolewa juu ya bibi yetu, mwenye miaka sabini na kitu, aliyebakiwa na meno mawili yaliyokuwa yakitikisika. Aliyeitoa si mtu mbaya. Ni baba mdogo, ambaye ndiye humpelekea sukari na sabuni kila mwezi. Alikuwa amepiga hesabu. Tulipoulizia meno ya kupandikiza, yale yanayofungwa kwenye mfupa na kukaa hapo bila kuvuliwa, tuliambiwa taya moja tu linazidi shilingi milioni kumi. Kima cha chini cha mshahara wa serikali, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Milioni kumi ni mishahara ishirini ya namna hiyo, mtu asile wala asipande daladala. Ongeza safari: meli ya usiku kwenda Mwanza, au basi la Kampala kupitia Mutukula, au Dar es Salaam, ambako ni mbali kuliko Kampala. Na si safari moja, kwa sababu mfupa unahitaji miezi kadhaa kushikana na chuma kabla ya kubebeshwa meno ya kudumu.

Bei hii haiwaumizi maskini wa Kagera peke yao. Marekani, taya moja mara nyingi huzidi dola 20,000, na watu wa huko huvuka mpaka kwenda Los Algodones, mji mdogo wa Mexico unaoishi kwa kazi ya meno. Wazungu wa magharibi hupanda ndege kwenda Hungaria. Kinywa ni mahali ambapo hata nchi tajiri zimeamua kwamba kila mtu ajitafutie. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya bure mwaka 1948, meno bandia yalikuwamo. Miaka mitatu baadaye serikali ilitafuta fedha, na kati ya vitu vya kwanza kuwekewa malipo vilikuwa meno bandia na miwani. Aneurin Bevan, waziri aliyeijenga huduma ile, alijiuzulu Aprili 1951 kwa kupinga. Wengi walimwona kama mtu anayeacha uwaziri kwa jambo dogo. Lakini alielewa kwamba ukianza kuugawa mwili, hii sehemu ya lazima na hii ya hiari, hao wenye sehemu za hiari watakuwa wazee na maskini.

Swali basi ni hili: meno ni hitaji, au ni pambo?

Adam Smith, anayekumbukwa zaidi kwa mambo ya soko, alilijibu swali linalofanana na hilo mwaka 1776. Alisema kitu cha lazima si kile tu kinachozuia mtu asife. Ni pia kile ambacho, kwa desturi ya mahali, mtu wa heshima hata wa chini kabisa huona aibu kukikosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani. Lakini katika Ulaya ya wakati wake, kibarua angeona haya kutoka mbele ya watu bila shati hilo. Kwa hiyo shati likawa la lazima, ingawa halikuongeza siku hata moja ya uhai.

Tuitafute kitani ya Maruku. Mgeni akifika nyumba ya Mhaya anayeshika mila, hukaribishwa kwa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Mwenyeji hutafuna, mgeni hutafuna, ndipo maneno yanaanza. Bibi yetu siku hizi huzipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, kisha huzifumbata kiganjani mpaka mgeni aondoke. Msimu wa senene hukaanga sahani nzima kwa ajili ya wajukuu na kutuangalia tukila. Alikuwa msomaji wa jumuiya. Aliacha, kwa sababu herufi zenye pumzi zilianza kumtoroka na watoto wakacheka. Akicheka yeye, hufunika mdomo kwa khanga. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachoandikwa kwenye cheti cha kifo. Lakini ukivijumlisha, unapata mtu anayejiondoa barazani polepole huku sisi tukimsifu kwamba siku hizi ametulia.

Kwa hiyo mimi nasema ni hitaji. Hata hivyo, neno hilo halimalizi kesi, kwa sababu mahitaji ni mengi na mfuko ni mmoja. Katika ukoo huohuo kuna kijana aliyepata nafasi chuoni na mkopo wake haukutosha. Baba mdogo alimtaja, na alikuwa na haki ya kumtaja. Akasema, kijana ana miaka arobaini ya kazi mbele yake, bibi ana mingapi?

Hesabu ya miaka iliyobaki inaonekana ya busara mpaka uiangalie kwa makini. Mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya titani na Profesa Per-Ingvar Brånemark, huko Gothenburg, Sweden, mwaka 1965, alikuwa Gösta Larsson. Vilimtumikia mpaka alipofariki mwaka 2006. Miaka arobaini na moja: hiyo ni hesabu nzuri. Lakini hatungesema kwamba kama angeishi mitano tu basi angekuwa ametupa fedha, kwa kuwa milo ya miaka mitano bado ni milo. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe hatuiamini hesabu hii. Siku bibi akifa, atakuwa na miaka sifuri iliyobaki, na siku hiyohiyo kundi la WhatsApp la ukoo litaamka. Mwenyekiti atateuliwa, mweka hazina atateuliwa, orodha ya ahadi itapandishwa kila jioni, nani ameahidi na nani amelipa. Jeneza, turubai, ng'ombe wa kulisha waombolezaji, na baadaye kaburi la vigae ndani ya kibanja. Mamilioni yatapatikana kwa wiki moja. Yamewahi kupatikana kwa harusi pia, hadi keki. Sijawahi kuona orodha ya ahadi yenye kichwa cha habari: meno.

Sisemi tusizikane kwa heshima. Nasema tu kwamba ukoo unaoweza kukusanya milioni kumi kwa ajili ya mwili usiohisi chochote hauwezi kusema hauna fedha. Unachosema ni kwamba heshima tunayoitambua ni ile inayoonekana na wageni wengi kwa siku moja.

Kuna njia nyingine, na ni ya zamani: kuuza ardhi. Hapo ndipo mkoa huu unapokuwa na la kufundisha. Mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alizeeka, akaona hana wa kumtunza. Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi mahakama ya mwanzo. Mila ya Kihaya, alisema, haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume.

Wanasheria huisoma kesi ile kama kesi ya wanawake na mali, na ndivyo ilivyo. Mimi huisoma pia kama kesi ya uzee. Ukoo uliokuwa na nguvu ya kwenda mahakamani ndani ya saa ishirini na nne ulikuwa na nguvu ya kwenda kumtazama. Yeye alitaka kugeuza udongo uwe matunzo wakati bado anaweza kuyatumia. Wengine walitaka udongo umngojee afe.

Kwa hiyo wa kwanza kuamua ni mwenye kinywa. Kama kibanja ni chake na anataka kukatia kipande apate meno, hana haja ya kutuomba radhi sisi tunaongojea kurithi. Lakini akitudai sisi, tunadaiwa kiasi gani? Hapa naona lazima tutofautishe deni na zawadi. Tunadaiwa kutafuna, kusema na kucheka bila khanga. Hatudaiwi kila njia ya kufika huko. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hugharimu sehemu ndogo tu ya yale ya kupandikiza. Ya juu hushika vizuri kwa wengi. Ya chini ndiyo husumbua, kwa kuwa mfupa wa taya lisilo na meno huendelea kupungua na meno huanza kuelea. Kwa hilo kuna njia ya kati. Mwaka 2002, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walishauri kwamba kwa mtu asiye na jino lolote chini, chaguo la kwanza liwe meno bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili tu. Viwili, badala ya vinne au sita. Hilo naliita deni, na ukoo wa watu thelathini unaweza kulilipa bila kumwondoa kijana chuoni. Taya zima la kudumu ni zawadi. Mwenye uwezo atoe, naye ashukuriwe.

Baba mdogo hakukubaliana nami kuhusu neno deni. Alisema deni ni kitu mtu alichokopa, na sisi hatukukopa meno kwa bibi. Nimelifikiria sana jibu hilo. Kabla ya kuwa na meno yetu, kuna mtu alitutafunia nyama na kututia mdomoni. Hakuandika popote, wala hakupandisha orodha.