MANA YA LEO NI YA LEO

Andiko la msingi: Kutoka 16:13-21, 2 Wafalme 20:1-7



Juma la kufunga na kuomba linakaribia, na kabla hatujaingia nataka kusema na watu fulani. Kuna mtu kati yetu ambaye mkoba wake una Biblia, na chini ya Biblia kuna mashine ndogo ya kupima sukari. Hataki jirani aione. Kuna mama anayejifungia chooni kujidunga sindano ya insulini kabla ya chakula cha ushirika. Kuna mzee aliyeambiwa ana kisukari, na hajamwambia hata mke wake.

Mpendwa, mimi pia niko na hiyo mashine. Huu ni mwaka wa saba tangu daktari aniambie. Asubuhi ile, kabla ya kula, sukari yangu ilikuwa 14. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 au zaidi, kikarudiwa siku nyingine na kikawa vilevile, hicho ni kisukari. Tangu siku hiyo watu wameniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kunijaribu: "Pastor, wewe unaombea wagonjwa, na bado unameza dawa?" Leo najibu, na jibu langu liko jangwani pamoja na wana wa Israeli.

1. Mungu aliwapa kwa kipimo

Mana iliposhuka, Mungu hakusema kila mtu achukue vile tumbo linataka. Aliweka kipimo, pishi moja kwa kila mtu. Mkate ulitoka mbinguni, lakini ulipimwa duniani!

Wengi wetu tukiambiwa tuna kisukari tunauliza, "Sasa nitakula nini?" Tunadhani ugali umekufa, chapati imezikwa. Hapana. Swali la kwanza ni kiasi gani. Nilivyofundishwa kliniki ni hivi: gawa sahani yako. Nusu iwe mboga, yaani sukuma wiki, kabeji, mchicha, managu. Robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, omena, yai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati, nduma au viazi.

Na msidanganyane kwamba ugali wa wimbi au wa mtama unaweza kuliwa mlima mzima kwa sababu ni mweusi. Unga wa nafaka nzima ni mzuri, lakini bado ni wanga, na wanga ukifika tumboni hugeuka sukari. Viazi na nduma pia ni wanga. Havihesabiwi kama mboga. Chai inywe bila sukari. Wiki mbili za kwanza utahuzunika. Baadaye utashangaa ulikuwa unakunywaje ile nyingine.

2. Mana ya jana haikufaa leo

Kuna waliojaribu kuweka mana mpaka asubuhi. Ikaingia mabuu, ikanuka. Mungu angeweza kuwapa ghala la mwaka mzima. Alichagua kuwapa ya siku, miaka 40. Kwa nini? Ili kila asubuhi watoke tena, wamtegemee tena.

Kisukari kimenifundisha mstari huu kuliko chuo cha Biblia. Nikitembea nusu saa leo, hiyo ni ya leo. Kesho miguu inadai yake. Dawa niliyomeza jana haifanyi kazi ya leo. Mimi humeza vidonge vyangu pamoja na chakula, asubuhi na jioni, na nimevifunga na maombi: nikimaliza kuomba, nameza. Kwa hiyo siku ya kusahau dawa ingekuwa pia siku ya kusahau maombi!

Jioni naangalia miguu yangu, juu na chini na katikati ya vidole. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, mtu akachomwa na msumari au akapata malengelenge ya kiatu bila kusikia chochote. Kidonda kidogo kikiachwa, mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu. Kwa hiyo tusitembee bila viatu, hata nyumbani. Macho nayo yapimwe angalau mara moja kwa mwaka, na figo vilevile, kwa sababu haya mambo huharibika kimyakimya.

Kuna kipimo kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita. Hicho huwezi kukidanganya kwa kula vizuri siku mbili kabla ya kliniki! Lakini hebu sikia upande wa pili pia, wewe uliyevunjika moyo. Mana ya jana ikiharibika, asubuhi mpya mana mpya ilishuka. Ukipima ukapata 13, usiitupe mashine. Namba si hukumu, ni habari. Jiulize nilikula nini, nilimeza dawa, nilitembea, niko na homa? Kisha anza tena leo.

3. Neno na tini vilitoka kinywa kimoja

Hezekia aliugua karibu kufa. Akaomba, akalia. Mungu akamrudisha Isaya na neno kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Haleluya! Sasa soma mstari wa saba. Isaya yuleyule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyesema, "Nabii, kwani imani yako imepungua?"

Mwaka 1922 huko Toronto, nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa anakufa kwa kisukari. Kabla ya wakati huo, mtoto mwenye ugonjwa kama wake hakuwa na tumaini. Alikonda hadi akafa. Frederick Banting na wenzake walikuwa wamepata njia ya kutoa insulini kutoka kwa kongosho la wanyama. Kijana akadungwa, na akaishi miaka 13 zaidi. Mimi nikisoma hiyo naona tini za Hezekia.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka. Kuna kisukari ambacho mwili hautengenezi insulini kabisa, na huwapata sana watoto na vijana. Ukimnyima mtoto huyo insulini, anaweza kufa katika siku chache. Mtu yeyote, hata awe na upako namna gani, akikuwekea mikono na kukuambia utupe sindano au dawa, usimtii. Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma kwa makuhani wakaguliwe. Ukiamini umeponywa, Bwana asifiwe! Nenda ukapimwe. Daktari ndiye apunguze dawa akiona vipimo. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara.

4. Kuhusu kufunga

Juma la kufunga nalo liko mbele yetu. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akikaa bila chakula, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Mkono unatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, maneno yanachanganyika. Na sisi Wapentekoste tukimwona hivyo katikati ya ibada, tunaweza kuanza kukemea pepo, kumbe mwili unalilia sukari!

Wahudumu wa mlangoni, sikieni. Mtu wa kisukari akiwa hivyo na anaweza kumeza, mpeni nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vinne vidogo vya sukari kwenye maji. Ngojeni dakika 15, mpimeni tena. Kama haijapanda, mpeni tena. Ikipanda, ale chakula. Akiwa amezimia, msimwagie kitu chochote mdomoni. Mkimbizeni hospitali, na mkiwa njiani ombeni.

Nawe mwenye kisukari, usianze kufunga kabla ya kuongea na daktari wako. Akikukataza, hujapungukiwa kiroho. Funga simu, funga televisheni, funga maneno ya kusengenya. Njoo uombe na sisi ukiwa umekula.

5. Waliokota kwa ajili ya hema nzima

Kutoka 16:16 inasema kila mtu aliokota kwa ajili ya walio hemani mwake. Ugonjwa huu haubebwi na mmoja. Kama baba anapikiwa sufuria yake peke yake kama mfungwa, hatadumu. Ile sahani ya nusu mboga inafaa nyumba nzima, hata watoto. Mama, huna haja ya kupika mara mbili.

Akina mama wa jikoni la kanisa, naomba chai ya ushirika ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe kando, kila mtu ajiwekee. Na hapo pa soda pawe na maji.

Tena yule aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Paulo alitumia mana kuwafundisha Wakorintho kusaidiana. Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, na kuna mjane hapa anayepima mara moja kwa wiki kwa sababu ya pesa. Wewe ambaye Mungu amekujalia, usimtumie ujumbe wa "nakuombea" peke yake. Mnunulie kopo moja.

Ndugu yangu, dada yangu, bado namwomba Mungu aniponye kabisa, na naamini anaweza. Lakini sijaambiwa nimngoje nikiwa nimekaa. Waisraeli walikuwa na ahadi ya Kanaani, na bado kila asubuhi waliinama wakaokota mana. Inama, okota ya leo.

Zoezi la wiki: Kama umepita miaka 40 na hujawahi kupimwa sukari, pimwa wiki hii. Kama una kisukari na umeficha, mwambie mtu mmoja wa nyumbani mwako.

Sala: Baba, asante kwa uhai wa leo. Tupe hekima ya kula kwa kipimo, na uaminifu wa kumeza dawa bila aibu. Walinde watoto wetu wanaodungwa kila siku. Utuponye kwa njia uliyoichagua, na utusaidie tuitii. Katika jina la Yesu. Amina.