Ziwa Lipo, Moto Upo, Wewe Unangoja Nini?

Ndugu wa Kafutuma, ndugu wa Kashikishi, ndugu wa Nchelenge Boma! Na wewe wa Mantapala, uliyevuka mpaka na mzigo kichwani ukajenga upya kwa udongo na nyasi! Simama kidogo, usome.

Unajua ninachotaka kusema. Unajua kwamba sherehe ya Mutomboko ikishapita, mwishoni mwa Julai, majani yamekauka, upepo umeanza kuvuma, na watu wanawasha mashamba yao. Unajua Septemba ni kali na Oktoba ni kali zaidi. Unajua paa la nyasi likishika moto halikuachii nafasi hata ya kutafuta viatu.

Na unajua lililo chungu kuliko yote: tunaunguliwa huku tunatazama maji!

Ziwa Mweru hilo hapo! Zaidi ya kilomita za mraba 5,000 za maji, mto Luapula unaingiza, mto Luvua unatoa, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Na sisi? Mama anakimbia na ndoo ya lita 20. Kijana anakimbia na beseni. Mzee anapiga kelele. Hadi ndoo ya tatu inafika, nyumba ya jirani nayo imeshika.

Aibu hiyo tutaibeba mpaka lini?

Utaniambia, litakuja gari la zimamoto. Likitoka Mansa? Kwa mwendo ule? Haya, tuseme limefika. Tuseme limefika upesi, askari wameruka chini, mpira umefunguliwa, maji yanatoka. Sasa piga hesabu nami. Gari limebeba lita 5,000. Mpira mmoja mzuri unamwaga lita 500 kwa dakika. Dakika kumi! Dakika kumi tu, na tangi ni tupu, na moto bado unanguruma, na ziwa lile lile liko pale pale.

Mwaka 2017 Zambia ilinunua magari 42 ya zimamoto kwa dola milioni 42. Nchi nzima ikabishana juu ya bei, na ilikuwa haki kubishana. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza gari hilo, likifika kijijini kusikokuwa na bomba, litapata wapi maji ya dakika ya kumi na moja?

Mwaka huo huo, Julai 4, City Market ya Lusaka iliungua. Julai 10, 2021, soko la Kariakoo, Dar es Salaam, likateketea. Hiyo ni miji mikubwa, yenye vikosi vya zimamoto! Na usiku wa Septemba 5, 2024, huko Endarasha, Nyeri, mashambani kama kwetu, bweni la Hillside lilishika moto na watoto 21 wakafa. Watoto 21! Wewe una watoto. Wewe una bweni katika kata yako. Wewe umelala.

Amka!

Dawa ipo, na si ndoto. Ni boza la kufyonza. Umeliona mjini likinyonya vyoo. Kazi yake ni ile ile, ila hili linanyonya ziwa. Fundi anafunga mfuniko, anaunganisha pampu na injini, pampu inatoa hewa ndani ya tangi. Mshale wa geji unashuka. Mpira mnene, wenye chujio mwishoni, umezamishwa majini. Anafungua valvu, na maji yanapanda yenyewe, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Hakuna kutafuta bomba, hakuna kupanga foleni ya ndoo, hakuna kuhangaika kuijaza pampu maji kwanza ndipo ivute.

Likijaa, linakimbia. Likifika kwenye moto, halisimami kupiga maji. Linafungua mlango wa nyuma, linamwaga mzigo wote ndani ya bwawa la turubai lililotandazwa chini, linageuka, linarudi ziwani. Pampu ya zimamoto inakunywa kutoka kwenye turubai huku boza likiwa njiani. Linakwenda, linarudi, linakwenda, na mpira haukauki! Vijijini Marekani, kusikokuwa na mabomba ya zimamoto, wazimamoto wa kujitolea wanapambana hivyo hivyo. Wao wanakwenda kutafuta kibwawa cha shamba. Wewe una Mweru!

Lakini sikiliza, maana hapa watu wanajidanganya.

Usichukue tangi la kawaida la maji ukalifungia pampu ya kuvuta hewa. Hewa ya nje italikandamiza kwa tani nyingi kila mita ya mraba. Litabonyea, litakunjika, litakuua. Tangi la kufyonza lina bati nene na mbavu za chuma ndani. Ukinunua kwa urahisi wa bei, umenunua jeneza.

Usiseme tutaazima lile la vyoo. Pwani hii imezika watu kwa kipindupindu! Utarusha uchafu ule juu ya nyumba za watu, juu ya visima vyao, juu ya dagaa wa chisense walioanikwa mchangani? Boza la moto libaki la moto. Mtu asilitie kinyesi hata siku moja, hata diwani akiomba.

Tena usidhani kufyonza hakuna mpaka. Sisi tuko zaidi ya mita 900 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kidogo. Kwa hesabu ya darasani maji yatapanda mita tisa hivi. Kazini tegemea sita, saba ukibahatika. Kwa ufuko wetu ulio chini inatosha na kubaki. Adui yako si kimo. Adui yako ni mchanga!

Naam, mchanga. Hapa ndipo nataka uniangalie machoni. Boza la lita 10,000 limebeba tani kumi za maji peke yake, mbali na uzito wa gari. Lishushe ufukoni usiku, kwa haraka, watu wakipiga mayowe, na magurudumu yatazama mpaka ekseli. Utakuwa na moto juu, gari limenasa chini, na ziwa linakucheka. Kwa hiyo kituo cha kuchotea kijengwe kwanza. Changarawe iliyoshindiliwa, njia ya kuingilia na njia nyingine ya kutokea, sehemu yenye kina ambapo mpira hautavuta tope wala magugu. Kazi hiyo haihitaji dola. Inahitaji majembe, mikokoteni na Jumamosi chache!

Na fedha ya gari? Usiniambie hakuna. Mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa jimbo, CDF, ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na tangu hapo umeongezwa. Fedha hiyo inaombwa kuanzia chini, kwenye kamati ya maendeleo ya kata yako. Zimamoto iko chini ya halmashauri yako. Mlango uko wazi, karatasi ziko ofisini, na wewe umekaa kivulini unasubiri mtu mwingine aandike!

Nani huyo? Atatoka wapi? Atakuja lini?

Geuka sasa. Desemba ziwa likifungwa, wavuvi mko nyumbani hadi mwisho wa Februari: shindilieni kituo wakati huo. Lakini ombi lisingoje Desemba. Mwone katibu wa kamati wiki hii. Mwambie aandike boza la kufyonza, si tangi la maji tu. Mwambie aandike turubai la kumwagia, mipira miwili ya kufyonzea, na mafunzo ya madereva wanaolala hapa hapa. Akikuambia aje mwingine, kaa kitini. Akikuambia kesho, kaa kitini. Usiondoke mpaka ombi limeandikwa, limesainiwa, limegongwa mhuri.