Kicheko cha Kashasha

Mtu wa mbali akisikia habari za Kashasha, kule Muleba, kwanza hucheka. Amesimuliwa kwamba mwaka 1962 wasichana wa shule ya bweni ya misheni walicheka miezi kadhaa bila kupumua. Jamani, haikuwa hivyo. Kicheko kilimjia msichana ghafla, kikageuka kilio, kikatulia, kisha kikarudi. Wengine kiliwashika saa chache, wengine hadi siku 16. Ukimkamata ili atulie, anapambana nawe. Na wapo waliosema wanaogopa, kuna mtu anawafukuza.

Mtoto anakwambia anafukuzwa, wewe unahesabu vicheko.

Ilianza Januari 30 kwa wasichana watatu. Shule ilipofungwa Machi 18, walikuwa wamefika 95 kati ya 159. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti mwaka uliofuata, walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakawaza hata sumu kwenye chakula. Hawakuona kitu. Hakufa mtu. Na dalili moja ilikuwa wazi mchana kweupe: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Ugonjwa uliwapata wanaoitikia kengele, ukawaruka wanaoigonga.

Wakubwa wakaingiwa na wasiwasi: fungeni shule, watoto warudi kwao. Siwacheki. Ningekuwa mimi mwalimu mkuu, ningewapakia kwenye gari siku ya pili tu. Lakini baadhi yao kwao kulikuwa kijiji cha Nshamba, na kufikia Mei watu 217 huko walikuwa wamepatwa. Mei 21 Kashasha ikafunguliwa. Wakapatwa wasichana wengine 57, ikafungwa tena Juni. Mwezi huohuo kicheko kikazuka katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba mjini, jirani na nyumbani kwa baadhi ya wasichana wa Kashasha: wakapatwa 48 kati ya 154. Msichana mmoja wa Ramashenye akapelekwa kwao, na huko wakaanza kupatwa ndugu zake mwenyewe. Kila mlango uliofungwa ulifungua mwingine.

Miaka mingi baadaye mtafiti Christian Hempelmann alieleza kwamba ulikuwa msongo wa mawazo. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujatimiza miezi miwili, matarajio kwa vijana waliosoma yalikuwa makubwa ghafla, na bweni lilikuwa na ukali wake. Mimi naafikiana naye. Mtoto asiye na pa kusema "naogopa", mwili utamsemea.

Sisi wazazi tunapenda kuwaambia watoto wawe na subira, na mara nyingi maana yetu ni wanyamaze. Tujiangalie. Anayetakiwa kusubiri kwanza ni mkubwa: akae, asikie mpaka mwisho, kabla hajatafuta gari wala daktari wala mganga.

Nasema haya huku najijua. Binti yangu yuko bweni, kidato cha pili. Muhula uliopita alinipigia kwa simu ya matroni, nikamuuliza mitihani inaendaje, akacheka. Nikauliza tena, akacheka tena, kicheko kirefu kisicho na kitu cha kuchekwa. Nikamwambia, "Vumilia mwanangu, soma," nikakata simu maana nilikuwa na wageni.

Jumamosi hii ni siku ya kutembelea wanafunzi. Nimeshafunga senene kwenye kopo, na sitabeba swali lolote la mitihani.