Mtu wa Kawaida Anajua Nini?

Nilipochubuka goti utotoni, bibi alikoroga unga wa manjano kwa maji kidogo, akanipaka, akanirudisha kucheza. Hakuna aliyemwita mvumbuzi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kwa muda wasitumie uvumbuzi wako, juu ya kuponya vidonda kwa manjano. India ilipinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kilichoshinda ni maandishi ya zamani, si ushahidi wa mabibi.

Ofisi za hataza huuliza: je, jambo hili lingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo? Fundi huyo hayupo. Sheria ndiyo inayomuumba, na kila nchi humuumba kivyake. Wa Ulaya anajua kila kilichowahi kuwekwa hadharani katika fani yake, lakini hana ubunifu hata chembe. Wa Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2007, ana ubunifu wa kawaida: akikuta vipande vinavyojulikana, anaweza kuviunganisha mwenyewe.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa hataza ya ubao wa tanga, ule ambao mchezaji husimama juu yake akishika tanga kwa mikono. Sababu mojawapo: mwaka 1958 mvulana wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea wa kwake akauchezea kwenye kisiwa cha Hayling. Marekani, hataza ya ubao huohuo iliendelea kuishi. Huko, sheria ya wakati ule haikuhesabu kitu kilichotumika nchi za nje bila kuchapishwa.

Sheria hiyo ilibadilika mwaka 2013. Sasa matumizi ya hadharani popote duniani yanahesabiwa. Lakini bado unahitaji shahidi na tarehe. Bibi hakuandika kitu.

Hata hivyo, sitaki fundi wa sheria awe mwerevu kupita kiasi. Kijana anayeunganisha vyuma chakavu hadi apate mashine ya kupukuchua mahindi naye anatumia vipande vinavyojulikana. Ni rahisi kumwambia, "Hilo lilikuwa dhahiri," na kumwacha mikono mitupu. Mambo mengi huwa dhahiri mtu akishayafanya.

Kinachonisumbua ni nani tunayemfikiria tunaposema "mtu wa kawaida". Kama bibi yangu hayumo, basi tunapokiita kitu kipya, tunasema tu kwamba sisi ndio tumekisikia leo.