HAKI YA MTOTO ALIYE MLIMANI NA BABA ALIYE PWANI

 

Tangu zamani watu wa Tanga na Pangani hupanda Upare kwa biashara na kazi, na wengine wakaoa huko: Same, Mwanga, na juu milimani Usangi na Ugweno. Ndoa ikikaa, ni neema. Ikivunjika, mara nyingi mume hushuka pwani, na mke hurudi kwa mama yake na mtoto mgongoni. Baba akidaiwa masurufu husema: Mtoto ni wangu, nileteeni, asipoletwa sitoi kitu. Akiitwa mahakamani hudai kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekuja kuwanyang'anya Waislamu watoto wao.

Msemaji wa neno hili angelifungua kwanza Minhaji ya Imamu Nawawi, kisha ndipo ailaumu serikali. Kifungu cha 125 cha sheria hiyo chakadiria kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 kheri yake ni kuwa na mama yake, ila ikithibitika vingine. Na aliyefikia umri wa kusema lake, matakwa yake hutazamwa. Je, hili ni geni? Katika madhehebu yetu ya Shafii ulezi, yaani hadhana, ni wa mama mpaka mtoto apate tamyizi, na ghalibu ni miaka 7. Kisha hukhiyarishwa baina ya wazazi wake. Ziko tofauti, hapana budi kusema. Mama akiolewa na mtu asiyekuwa jamaa wa mtoto, fiqihi humwondolea ulezi, na hakimu wa serikali hafungwi na hilo, bali hutazama maslaha ya mtoto. Lakini hata hapo haki haimrukii baba: hutangulia bibi, mama wa mama.

Na iko khabari katika Muwatta ya Imamu Malik. Sayyidna Umar alikuwa na mke katika Ansari, akamzalia Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Kuba akamkuta mwanawe akicheza katika uwanja wa msikiti, akamshika mkono akampakia mbele yake juu ya mnyama. Bibi wa mtoto akamfuatia, wakashindana, wakenda kwa Sayyidna Abubakar aliyekuwa khalifa. Mwanamke asema ni mwanangu, Umar asema ni mwanangu. Abubakar akahukumu Umar amwachie. Umar, ambaye watu walimcha kwa ukali wake, hakujibu hata neno. Basi mtu wa Chumbageni ana heshima gani kumshinda Umar?

Ama masurufu, hayakufungamana na mtoto kukaa kwa nani. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imemwekea baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Na Sura ya At-Talaq yaamuru kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Kifungu cha 129 cha sheria ya 1971 chasema vivyo hivyo: makao, mavazi, chakula na elimu ni juu ya baba, mtoto akiwa kwake au kwa mwingine.

Wako waushikao mlango wa safari ya kuhama, kwa kuwa mafaqihi wamempa baba haki mzazi mmoja ahamapo. Kweli wamempa, kwa sharti njia iwe ya amani na mahali pawe salama, na sababu waliyoitaja ni kuhifadhi nasaba. Hawakuutaja kuwa njia ya kukimbia deni la maziwa.

Aliye na mtoto Usangi na ampelekee masurufu kila mwezi mbele ya mashahidi, na ada ya chuo, na apande kumzuru. Miaka 7 itafika, mtoto ataulizwa amtaka nani, naye atajibu kwa amjuaye.