Chakula cha Nyumbani na Mtu Asiye na Kazi



Liko swali moja lisilosemwa kwa sauti, lakini limo katika nyumba nyingi, nalo ni hili: Je, yampasa mtu aliyepoteza kazi yake kufurahia chakula kizuri, na kukaa na jamaa na rafiki kwa moyo mkunjufu, hali hana ujira mfukoni? Au yampasa kula kidogo, kukaa pembeni na kuinamisha uso, mpaka apate kazi nyingine? Twalileta swali hili mbele yenu kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya, na jibu letu likaumiza mtu.

Mdogo wetu alifanya kazi Dar es Salaam miaka tisa, katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Siku moja aliambiwa, yeye na wenzake, kwamba kazi imekwisha. Akakaa mjini miezi miwili akitafuta kazi nyingine, asipate. Basi akapanda gari akaja nyumbani kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, akae kwa mama juma moja. Mama alipomwona hakumwuliza neno lo lote juu ya kazi. Alimwuliza kama amekula.

Siku ile mama alipika machalari, yaani ndizi mbichi pamoja na nyama. Asubuhi yake alimpa mtori. Jioni alimpikia kiburu, ndizi na maharage, kama alivyokuwa akikipenda utotoni. Shangazi zetu walikuja kumwamkia, kila mmoja na kikapu chake. Wenzake wa rika, waliochunga naye mbuzi na kusoma naye shule, walikuja jua lilipokuchwa, wakakaa barazani mpaka usiku wakikumbushana mambo ya zamani. Mdogo wetu akacheka pamoja nao. Mama alisema baadaye kwamba kicheko kile hakukisikia tangu miaka mingi, maana alipokuwa na kazi alikuja nyumbani siku mbili tu za Krismasi, naye alikuwa akilala tu kwa uchovu.

Siku ya tatu sisi tulifika. Tukamkuta na sahani mbele yake, akicheka. Nasi kwa kuwa tulijua hali yake tuliona kwamba kicheko kile hakimfai. Tukamwita kando, penye migomba, tukamkumbusha onyo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Hakubishana nasi. Alijibu, "Ndiyo, kaka," akanyamaza.

Tangu saa ile alibadilika. Usiku alikula matonge mawili, akasema ameshiba. Kesho yake aliondoka alfajiri, akakaa huko chini mtoni, asionekane wakati wa kula. Wenzake walipokuja waliambiwa kwamba amelala. Siku ya tano mama alitujia nyumbani kwetu, naye ni mzee na njia ni ya kupanda, akatuuliza, "Je, mkono wangu umeharibika? Mbona mwanangu hali tena chakula changu?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulidhani tumemkemea mvivu. Kumbe tumemnyima mama mzee furaha yake, na kumwondoa mwana mahali pake mezani. Basi tukaanza kulifikiri neno hili upya, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, tulilitumia vibaya onyo la Mtume. Onyo lile ni kwa mtu asiyetaka kufanya kazi. Halimhusu mtu atakaye kazi asiipate. Mambo haya mawili ni mbali sana, kama vile mtu aliyelala barazani na mtu aliyesimama mlangoni akibisha bila kufunguliwa. Mdogo wetu alibisha miezi miwili. Nasi tulimhukumu kwa hukumu ya yule aliyelala. Mwenye kufundisha wengine na ajihadhari na jambo hili, maana neno la kweli likipewa mtu lisiyemhusu humjeruhi kama uwongo.

Pili, tumezoea kumpima mtu kwa mshahara wake, kana kwamba kipimo hiki kilikuwako tangu mwanzo. Hakikuwako. Katika nchi yetu serikali ya Wadachi iliamuru kodi ya nyumba mwaka wa 1897, nayo ikaanza kutozwa mwaka wa 1898; na watu wengi walianza kuufuata ujira ili wapate ya kulipa kodi. Kabla ya hapo wazee wetu walimjua mvivu, walimjua mgonjwa, walimjua na maskini. Bali mtu mwenye nguvu, aliye na jembe mkononi na migomba ya kupalilia, hawakumwita mtu asiye na kazi. Leo twamwita hivyo, naye aamini kwamba ndivyo alivyo. Hatusemi kwamba mshahara ni kitu kibaya. Vihamba vyetu vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vidogo sana, wala haviwezi kuwalisha wote. Ada za shule na dawa hazilipwi kwa ndizi. Twasema hili tu, kwamba mshahara ni chombo cha kumsaidia mtu, wala si mizani ya kumpimia.

Tatu, yafaa tuulize: Chakula kile cha mama kilikuwa deni la nani? Mdogo wetu alikula kwa hofu, kwa sababu alihesabu kila tonge kuwa deni asiloweza kulilipa. Lakini chungu cha mama si duka. Alipokuwa mtoto mchanga hakulipa kitu, wala hakuna aliyemwandikia hesabu. Na alipokuwa na mshahara akaleta sukari na kanga, mama hakumpikia kwa sababu ya sukari na kanga. Ukidhani kwamba ulikuwa na haki ya kula ulipokuwa na fedha, na kwamba sasa haki hiyo imekwisha, basi hukukielewa chakula kile hata siku ulipokuwa na fedha. Tangu mwanzo ulikuwa ukipewa bure.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi miaka mingi kwa Wachaga wa Moshi ya Kale hata mwaka wa 1938, alifundisha kwamba mtu husimama kwa vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Tutazame juma lile la mdogo wetu. Mama na shangazi ndio ukoo. Wenye kikapu cha ndizi kutoka ng'ambo ya mfereji ndio ujirani. Wale waliocheka naye barazani ndio rika. Kazi yake ya mjini ilikatika siku moja kwa neno la mtu mmoja. Vifungo hivi vitatu havikukatika. Naye Martin Luther, katika Katekisimo yake ndogo ya mwaka wa 1529, alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula na mavazi na fedha tu. Alihesabu humo marafiki wema na majirani waaminifu. Basi yule aliyekaa barazani na rafiki zake hakuacha kuutafuta mkate wake. Sehemu moja ya mkate huo alikuwa ameshaipata.

Lakini mtu atatuuliza, na atauliza kwa haki: Raha ya mmoja si jasho la mwingine? Mama mzee alikata ndizi, alichota maji, alipuliza moto machoni mwake; je, mwana mwenye nguvu akae tu na kula? Naam, hapa ndipo penye hatari, nasi hatutaki kuificha. Wako watu waliokuja nyumbani kwa juma moja wakakaa mwaka, na mama zao wamekonda kwa kuwalisha. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi hulitumia neno hili kumfukuza mgeni. Sisi twaona lina maana nyingine pia. Siku mbili wampa chakula, kwa kuwa ni mgeni. Siku ya tatu wampa jembe, kwa kuwa amekuwa mtu wa nyumbani. Jembe lile ni heshima. Sisi siku ya tatu hatukumpa mdogo wetu jembe. Tulimpa aibu, na mtu hawezi kulima kwa aibu.

Basi siku ya sita tulirudi kwa mama. Tukamwambia mdogo wetu mbele yake kwamba tulikosa, tukamwomba radhi, ingawa sisi ndio wakubwa. Kisha tukachukua panga mbili, tukaingia migombani pamoja, tukapunguza machipukizi na kumkatia ng'ombe majani mpaka mchana. Mama alipoita hatukuitwa mara mbili. Alikula sahani mbili, na mama akamtazama akila.

Siku ya nane alirudi Dar es Salaam. Hakupata kazi juma lile, wala hatuandiki habari hii ili kusema kwamba furaha humletea mtu kazi. Alirudi kutafuta, kama alivyokuja akiwa mtafutaji. Lakini alirudi akijua kwamba mahali pake mezani hapakuwa mali ya mwenye ghala, hata aweze kupachukua.

Kwa hiyo, ndugu, tunawaomba neno hili. Wewe uliyepoteza kazi, ukipikiwa, kula, na ukichekeshwa, cheka. Usimwadhibu mama yako kwa kosa ambalo si lake wala si lako. Kisha inuka, tafuta jembe mwenyewe kabla hujapewa. Wewe mwenye kupika, usimfiche mwanao kazi za nyumbani kwa kumhurumia. Na sisi tulio na mishahara, tukimkuta ndugu asiye na kazi akifurahi pamoja na watu wake, tuketi naye kwanza, tule naye, ndipo tuseme. Tena wako wasio na mama wala kihamba cha kurudia. Hao juma lao la nyumbani watalipata wapi, isipokuwa kwetu?