Kazi Isiyo ya Mikono Yako

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 18:13–27, Hesabu 11:16, 17, 24–29, Mathayo 20:25–28, Luka 10:1, 17–21.

Msimu wa kahawa unapoanza wilayani Muleba, wakulima hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Hapo inakaguliwa kama imekauka vizuri, inapimwa uzito, inaandikwa kwenye daftari, kisha inapangwa ghalani. Tuseme karani wa mizani amefanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka mingi, hata wakulima wanamwamini kuliko mizani yenyewe. Mwaka huu bodi imemteua kuwa meneja, na mizani amekabidhiwa kijana. Siku ya kwanza meneja anasimama nyuma ya kijana huyo. Kabla ya saa nne asubuhi amekwisha kumsogeza kando na kupima mwenyewe. Wakulima wanafurahi. Lakini ofisini hati za malipo zinangoja saini, ghalani magunia yanarundikana ovyo, na kijana amesimama pembeni hana la kufanya.

Je, meneja huyu amekosa? Hakuiba, hakuwa mvivu, wala hakumtukana mtu. Tunapochagua viongozi tumezoea kuuliza mambo mawili: ni mwaminifu? ni mchapakazi? Yeye ni vyote viwili, na bado kuna mtu aliyedhulumiwa. Kijana amenyimwa nafasi ya kukua, na amefundishwa mbele ya watu kwamba haaminiki.

Soma Kutoka 18:13–18. Yethro aliona nini ambacho Musa mwenyewe hakukiona?

Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Nia yake ilikuwa njema, na hakuna aliyemlaumu isipokuwa mkwewe. Yethro hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwonyesha kwamba atadhoofika yeye, na watu nao watadhoofika. Angalia jambo hili: bidii ya kiongozi inaweza kuwachosha wale anaowahudumia. Aliyepandishwa cheo kwa mara ya kwanza alisifiwa hadi jana kwa kazi ya mikono yake. Kuanzia leo anapaswa kuhesabu kuwa mafanikio ile kazi ambayo mikono yake haikuigusa. Hilo ni badiliko la moyo kabla halijawa badiliko la ratiba.

Lakini kuna hoja nzito upande wa pili. Kijana akikosea mizani, hasara si ya meneja. Ni ya mkulima, ambaye katika kilo hizo ana ada ya mtoto na dawa ya mama yake. Je, ni haki mtu ajifunze kwa hasara ya mwingine? Hapana. Ndiyo maana Yethro hakusema tu wapewe kazi. Alisema wachaguliwe watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli na wenye kuchukia rushwa, wafundishwe, na mambo makubwa yaletwe kwa Musa (mafungu 20–22). Kumwamini mtu si kumtelekeza. Meneja wetu angeweza kumfundisha kijana kabla ya msimu, kurudia kupima gunia moja moja bila kumwaibisha, na mkulima akilalamika kusimama yeye mwenyewe kujibu. Gharama ya kujifunza kwa kijana aibebe kiongozi, isimwangukie mkulima.

Soma Hesabu 11:26–29. Kwa nini Yoshua alitaka Eldadi na Medadi wakatazwe?

Roho aliwashukia wazee wawili waliobaki kambini, mbali na macho ya Musa. Yoshua aliona heshima ya bwana wake imepungua. Musa aliona kinyume: alitamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Hapa ndipo kiongozi mpya anapopimwa kweli. Kufurahia mafanikio ya wengine ukiwapo, ukisimamia, ni rahisi. Je, unafurahi wanapofanikiwa bila wewe?

Katika nchi ya Wahaya wazee wetu waliufahamu utaratibu wa nyarubanja. Mtu alilima kibanja, akapanda migomba na mibuni, lakini alihesabiwa mpangaji wa bwana mwenye eneo, na sehemu ya jasho lake ilikwenda kwa bwana huyo. Sheria za miaka ya 1960 ziliuondoa. Hata hivyo nyarubanja ya ardhi inaweza kufutwa huku nyarubanja ya moyo ikibaki ofisini. Kiongozi anayesoma ripoti iliyoandikwa na mwenzake kana kwamba ni yake, na kumtaja mwenzake penye makosa tu, anavuna shamba asilolilima. Kristo alisema isiwe hivyo kwetu (Mathayo 20:26).

Historia ya nchi yetu ina mfano wa kutafakari. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama. Rashidi Kawawa, aliyetoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaichukua nafasi hiyo. Desemba mwaka huohuo Tanganyika ikawa jamhuri, Nyerere akawa rais, na Kawawa akawa makamu wake. Mmoja aliweza kutoka kazi ikaendelea mikononi mwa mwingine. Huyo mwingine aliweza kushika nafasi ya kwanza kisha kutumika katika ya pili. Tunaweza kujadili maamuzi yao mengine. Katika hili wanatuonyesha kwamba cheo ni amana.

Bwana wetu aliwatuma wale sabini wawili wawili, waende kila mji alikokusudia kwenda mwenyewe. Angeweza kufanya kazi ile vizuri kuliko wote. Aliwaagiza kwanza, akawaacha waende, akawasikiliza waliporudi, akawaonya wasijivunie uwezo waliopewa. Kisha Luka anatuambia kwamba saa ile ile Yesu alishangilia. Alishangilia kazi iliyofanywa na mikono ya wengine.

Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu kuna kazi gani inayofanywa na mtu yuleyule kila mwaka kwa sababu "anaiweza"? Nani amezuiwa kujifunza?

2. Unapokuwa msimamizi wa waliokuwa wenzako jana, utawezaje kukagua kazi yao bila kuwavunjia heshima, na kuwaheshimu bila kufumbia macho kosa?

3. Mtaje mtu mmoja aliyefanya kazi uliyosifiwa wewe. Juma hili utamrudishiaje sifa yake?